Wifi, Mimi na Kitabu cha Sheria za Vita

Nilivunjika kifundo cha mguu shambani kwetu Katindiuka. Nilikuwa nimekwenda kuangalia mpunga, nikateleza juu ya tuta la jaruba, mguu mmoja ukabaki kwenye tope na mwili ukaenda upande mwingine. Hospitali walinifunga hogo la plasta mpaka chini ya goti, wakanipa magongo mawili na kunionya nisikanyage chini hadi watakaponiruhusu. Ilikuwa masika. Shuleni ninakofundisha Kiswahili na Historia walinipa mapumziko. Mume wangu alikuwa kazini Kidatu, anarudi mwisho wa wiki tu, na binti yetu alikuwa bweni. Ndipo mama mkwe akasema, "Wifi yako atakuja kukaa nawe."

Wifi yangu huyo ni dada mkubwa wa mume wangu, anauza mitumba Kiberege. Tangu niolewe tulikuwa tunaheshimiana, na zaidi ya heshima hapakuwa na kitu. Namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, ananiuliza habari za shule, namuuliza habari za biashara, basi, kila mmoja anatafuta pa kuangalia. Hatukuwahi kugombana. Hatukuwa tu na la kuzungumza.

Alifika na begi la nguo na kiroba kilichofungwa kamba. Alikitua kile kiroba karibu na kiti changu.

"Hii nimeikuta kwenye belo la midoli," alisema. "Wateja wanaifungua, wanashangaa, wanaifunga. Wewe mwalimu, utajua ni nini."

Ndani mlikuwa na boksi la karatasi ngumu lililolegea kona. Tulitoa askari wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole gumba: wengine wana mikuki, wengine bunduki, wengine wako juu ya farasi. Mlikuwa na mfuko wa dadu. Na chini ya vyote, kitabu kinene cha Kiingereza, jalada limejaa bendera na moshi. Nilisoma jina lake na kumweleza kwamba ni mkusanyiko wa sheria za kupigana vita juu ya meza.

"Kama ludo?"

"Kama ludo."

Alikipima kile kitabu mkononi. "Ludo gani ina kitabu kama Biblia?"

Umeme ulikuwa unakatika kila mvua inaponyesha, na mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku, kwa hiyo televisheni haikuwa ya kutegemea. Nikaanza kukisoma. Nilifungua ukurasa wa kwanza, kama ninavyofungua kitabu chochote. Kulikuwa na utangulizi, ambamo mwandishi alieleza jinsi yeye na rafiki zake walivyoanza kucheza kwenye meza ya jikoni. Nikausoma wote. Ikafuata sura ya vipimo, kisha aina za askari, kisha majedwali. Kiingereza chake hakikuwa kigumu. Kila sentensi niliielewa, lakini nikifika mwisho wa ukurasa sikuweza kueleza nilichosoma. Kesho yake nikarudia tangu mwanzo, safari hii na penseli, nikipigia mistari kila kilichoonekana muhimu. Karibu kila kitu kilionekana muhimu. Nilipofika kwenye mizinga nikapitiwa na usingizi, kitabu kikiwa kifuani.

Nilipozinduka, wifi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, ananiangalia.

"Wifi, nani anaanza?"

"Anaanza nini?"

"Huo mchezo. Ludo unaanza ukipata sita. Huo nani anaanza?"

Sikujua. Nilikuwa nimesoma karibu robo ya kitabu na sikujua nani anaanza. Nikatazama kwenye yaliyomo, hakuna. Nikafungua nyuma kabisa, kwenye faharasa, mahali ambapo nawaambia wanafunzi wapatumie na mwenyewe siendi. Pale palikuwa na neno hilo: kuanza, tazama zamu. Nikatafuta zamu, nikakuta namba nne, nukta, moja. Nikaenda ukurasa wa nne. Kulikuwa na picha ya farasi.

Wifi aliacha ungo akaja kuketi kwenye mkono wa kiti changu. Alisoma mpaka kidato cha pili, Kiingereza cha kusoma anacho kidogo, lakini namba hazina lugha. Tukapekua wote wawili. Yeye ndiye aliyeweka kidole pembeni mwa aya moja, kwenye tarakimu ndogo ambazo mimi nilikuwa nazipita tu. "Siyo ukurasa," alisema. "Ni sura na mstari. Si nilikwambia ni kama Biblia?"

Sura ya nne, sheria ya kwanza, ilisema kila mchezaji arushe dadu moja, na mwenye namba kubwa achague kuanza au kumwachia mwenzake.

"Kumwachia?" Wifi alikunja uso. "Mtu anamwachiaje mwenzake kuanza?"

Hilo nalo sikulijua, na nilitaka kulijua. Tuliondoa kitambaa cha meza ya chakula, tukapanga askari huku na huku, tukatoa futi ya kupimia kwenye droo ya cherehani yangu, maana umbali wote mle kitabuni ulipimwa kwa inchi. Mchele ulibaki kwenye ungo hadi jioni.

Kuanzia siku hiyo niliacha kukisoma kile kitabu kwa mfululizo. Tulicheza, tukikwama tunauliza, swali tunalipeleka kwenye faharasa, na faharasa inatupeleka kwenye namba. Ndani ya jalada la nyuma tuligundua ukurasa mmoja uliokuwa na mfuatano wote wa zamu: kwanza kutembea, halafu kurusha silaha, halafu kupigana ana kwa ana, halafu kuangalia kama askari wameingiwa na woga. Mambo manne tu. Nilipouona ukurasa ule nilicheka peke yangu. Kitabu kizima kilikuwa kinaeleza mambo manne, na yote yaliyobaki yalikuwa majibu ya "je, ikiwa..." Wifi alikata vipande vya kitenge, chekundu cha kurusha silaha, cha kijani cha kutembea, akavipachika katikati ya kurasa ili tusiwe tunapekua kila mara.

Tulikuwa wabishi, nakiri. Siku moja mkuki wa askari wake uligusa farasi wangu, akatangaza kwamba tumeshikana. Nikasema mkuki si mtu.

"Mkuki si mtu? Ngoja uchomwe."

Tukatafuta neno "kugusa" kwenye faharasa. Pale kwenye sheria neno hilo liliandikwa kwa wino mzito, na ndipo nikaona kwamba maneno ya wino mzito yalikuwa mengi, kila ukurasa, na kwamba yote yalikuwa na maelezo yake kwenye sura fupi mwanzoni, ile niliyoipitia juu juu nikidhani ni ya watoto. Mle kitabuni kugusa kulikuwa na maana moja tu: kitako cha askari, yaani kile kibao anachosimamia, kukutana na kitako cha mwenzake. Mkuki, upanga, mkia wa farasi, vyote havihesabiwi. Mimi nafundisha lugha. Nimezoea neno kuwa na maana tatu na kufurahia zote tatu. Hapa nilikutana na mtu aliyechukua neno la kawaida la mtaani, akalifunga kamba, akasema kuanzia sasa utafanya kazi hii moja. Nilianza kuyasoma maneno yale kwa hamu, moja moja, kuona kila moja limefungwa wapi.

Kwa kuwa askari wengi walikuwa wamepoteza vitako, wifi aliwabandika kwenye vizibo vya soda. Tukakubaliana kizibo ndicho kitako.

Jambo jingine nililojifunza ni kutopita haraka kwenye maneno madogo. Kuna mahali waliandika kikosi kinaweza kurudi nyuma, mahali pengine kikosi lazima kirudi nyuma, na mimi kwa mazoea yangu ya kusoma upesi nilikuwa nimeyafanya yote mawili kuwa lazima. Nilipoteza mchezo mzima kwa kurudi nyuma mahali ambapo hakuna aliyenifukuza. Wifi alikuwa anarudisha askari ndani ya boksi, anacheka mpaka machozi. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo. Ana pengo dogo upande wa kushoto, kama la mume wangu.

Ugomvi wa kweli ulitokea kwa sababu ya mto. Tulikuwa tumelaza khanga ya buluu katikati ya meza kuwa mto, na wapanda farasi wangu walikuwa wanataka kuvuka. Nilikuwa nimeisoma sheria kwa macho yangu: mto unapunguza mwendo nusu. Wifi naye alikuwa ameisoma, kwa kidole, neno kwa neno: mto hauvukiki ila kwa daraja au kivuko.

"Soma vizuri, wifi," nilimwambia.

"Nimesoma."

"Lakini Kiingereza..."

Sikuimaliza sentensi, ila ilikuwa imetosha. Alisimama, akakunja futi taratibu, akaenda jikoni. Nikamsikia anakatua sufuria ambazo zilikuwa safi. Mvua ilipiga bati. Mchana tulikula wali na perege bila kusema kitu zaidi ya "chumvi" na "asante".

Alipokwenda kuanua nguo nikavuta kitabu. Nilitaka kumwonyesha nilivyosoma sawa. Nikaikuta sheria yangu, nusu mwendo, ipo. Halafu nikaanza kuitafuta ya kwake ili nione alikosea wapi, nikaikuta nayo ipo, kurasa nyingi mbele, imeandikwa wazi kabisa. Haiwezekani kitabu kimoja kiseme mto unavukika na mto huohuo hauvukiki. Niliweka kidole ukurasa mmoja na kidole kingine ukurasa wa pili, nikawa nafungua huku, nafungua kule, mpaka macho yalipopanda juu kabisa ya karatasi, kwenye mstari mwembamba uliorudiwa kila ukurasa na ambao nilikuwa nimeuzoea kiasi cha kutouona. Ukurasa wangu ulisema: majeshi ya mikuki na mishale. Ukurasa wa wifi ulisema: majeshi ya bunduki na mizinga.

Kumbe hakikuwa kitabu kimoja. Vilikuwa vitabu kadhaa vilivyoandikwa nyakati mbalimbali, kisha vikashonwa pamoja na kuvikwa jalada moja. Neno mkusanyiko lilikuwa pale pale mbele, nilikuwa nimelitafsiri kwa mdomo wangu siku ya kwanza bila kulitafakari. Kila kitabu kilikuwa na sheria zake, na sura chache za mwanzo tu ndizo zilikuwa za wote.

Nilichukua magongo nikajikokota mpaka mlango wa uani. Alikuwa na nguo begani.

"Wifi, umesoma sawa," nilimwambia. "Na mimi nimesoma sawa. Ila tulikuwa kila mtu kwenye kitabu chake."

Alinitazama kwanza mguu. "Nani amekuruhusu kutembea kwenye maji?" Kisha akasema, "Kitabu chake vipi?"

Nikamwonyesha ule mstari wa juu. Aliurudia kurasa nyingi, akilamba kidole na kufungua, akihakikisha. Niliomba radhi kwa lile la Kiingereza, akatikisa mkono kama anafukuza nzi. "Na wanaovuka mto kwa mizinga lazima wangoje daraja," alisema. "Mzinga si unazama. Ina maana." Tukawatenganisha askari, wa mikuki kwenye bakuli moja, wa bunduki kwenye bakuli lingine. Kabla ya hapo tulikuwa tunawapiganisha wote kwa pamoja, ndiyo maana sheria nyingi zilikuwa hazituingii akilini.

Kila asubuhi alipita mama mmoja wa Kisukuma aliyetuuzia maziwa. Yeye na mumewe walihamia bondeni na ng'ombe miaka mingi iliyopita, na nyumba yao haikuwa mbali na kwetu. Wifi alipenda kumsalimia "mwangaluka" na yeye alipenda kumsahihisha namna ya kuitamka. Asubuhi moja alikuta meza imepangwa tayari. Aliweka dumu chini akaizunguka meza yote.

"Hawa ni wangapi, mwalimu?"

Nilimweleza kwamba kila askari mmoja anasimama badala ya askari wengi.

"Na hawa farasi?"

"Vilevile."

Aliwatazama tena. "Sasa wanakula nini?"

Nikamtazama wifi, wifi akanitazama. Tulikuwa tumepigana vita sijui vingapi na hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Mwenye maziwa akaendelea, kana kwamba anazungumzia jirani mzembe: "Umewapanga hapa wote pamoja, siku ya pili majani yameisha. Hapa patakuwa vumbi."

Nilitafuta chakula kwenye faharasa, hakipo. Nikatafuta majani, maji, hakuna. Wifi akasema, "Tafuta mizigo." Mizigo ilikuwepo, na iliandikwa tazama ugavi, na ugavi ukatupeleka karibu na mwisho wa kitabu, kwenye sura ambayo juu yake waliandika kwamba sheria zake ni za hiari, wachezaji wazitumie wakikubaliana. Nikawasomea kwa sauti, nikitafsiri. Jeshi lisilofikiwa na mikokoteni yake linapungua nguvu kila zamu. Farasi wanahitaji malisho, na malisho yaliyokanyagwa hayahesabiwi tena. Mwenye maziwa aliitikia kila sentensi, "Eeh. Eeh. Huyo amefuga." Alichelewa kwa wateja wake siku hiyo.

Baadaye wiki hiyo alirudi mchana, mikono mitupu, akaomba jeshi. Tulimpa la mikuki. Alilitawanya meza nzima, vikundi vidogo vidogo, kila kimoja na malisho yake, akakaa ameridhika. Wifi akaviendea vikundi vyake kimoja baada ya kingine na kuvimaliza.

"Yoo! Wameisha!" mama yule alipiga makofi akicheka. "Wameshiba na wameisha!" Alipoondoka aliuliza kama Jumapili tutakuwepo.

Sura ile ya hiari ilinifanya nirudi kutafuta ni mambo gani mengine kitabu kiliwaachia wachezaji. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Kubwa kati yake lilikuwa kwenye sura ya ardhi: kabla ya mchezo, wachezaji wasimame pande zote za meza, waoneshane kila kitu kilichomo, wakubaliane ni nini. Hiki ni kilima au kichuguu. Huu mto una kina gani. Kinamasi hiki kinapitika au hakipitiki, na kwa nani. Nilipenda kwamba mtu aliyeandika sheria za kila kitu, mpaka za mkia wa farasi, alipofika kwenye ardhi aliweka kalamu chini na kusema zungumzeni.

Basi tukaamua kutengeneza bonde letu wenyewe. Mito ya kulalia tukaifanya milima ya Udzungwa, upande wa dirishani. Vipande vya kamba vikawa matuta ya majaruba. Khanga ya buluu tukaipinda mikunjo mingi, na mahali pa Kivukoni, mto unapovukwa, wifi akaweka rula kuwa daraja, halafu akaiondoa.

"Tufanye zamani," alisema. "Kabla ya daraja."

"Sawa. Huu mto una kina gani hapa?"

Niliuliza kama kitabu kilivyoagiza, nikiwa na penseli mkononi. Hakunijibu kwa inchi. Alisema hapa, kiangazi, baba yao alikuwa anaushindilia mti mrefu majini kutoka kwenye mtumbwi na kusikiliza. Mchanga unatoa sauti yake, tope sauti yake. Masika hakuingia majini. Aliketi ukingoni na kuangalia takataka zinazoelea, kwa sababu mahali zinapozunguka chini kuna shimo. Mara moja alimchukua wifi, akiwa mdogo, wakavuka pamoja na mbuzi wawili, na mbuzi mmoja akaruka, na baba yao akamwacha aende kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umemshika binti na mwingine kasia.

Baba mkwe wangu alifariki kabla sijaolewa. Kwenye picha yake sebuleni kwa mama mkwe amevaa koti la kuazima na haonekani kama mtu wa majini. Mume wangu, aliyekuwa mdogo sana baba yao alipofariki, hana la kusimulia juu yake. Nikauliza tena. Na hapa je? Na hiki kinamasi, alikuwa anapita wapi? Nani mwingine aliijua njia? Kwa kila swali wifi aliweka kidole kwenye khanga na kuniambia. Hatukurusha dadu siku ile. Chai ilipoa, tukachemsha nyingine.

Tulipokuja kucheza kwenye bonde hilo tuliona kwamba kitabu hakikuwa na sheria ya mto unaopanda katikati ya vita. Tukaiandika yetu. Kila zamu inapoisha, mmoja anarusha dadu. Ikitoka tano au sita, khanga inatanuliwa upana wa vidole vinne, na kilichokuwa pale kimekwenda na maji. Ni sheria mbaya kwa mtu anayependa kupanga mambo. Iliniondolea mizinga yangu yote mara mbili. Wifi aliipa namba, akaiandika pembeni mwa ukurasa kwa mwandiko wake wa kulala, kwenye nafasi iliyobaki chini ya sheria za mto.

Hogo likatolewa. Mguu ulitoka mwembamba na mweupeupe kama muhogo uliomenywa, nikajifunza tena kuukanyaga. Wifi alianza kuzungumzia biashara yake, wateja waliokuwa wanampigia simu. Usiku mmoja kabla hajaondoka tulibishania kitabu, kila mmoja akisema kibaki kwa mwenzake. Asubuhi alikipeleka kwa fundi viatu wa jirani. Alirudi nacho kimekatwa kwenye mshono, vipande viwili, kila kimoja kimeshonwa upya na kuvikwa jalada la boksi. Mikuki na sura za ardhi alichukua yeye. Bunduki, sura za hiari na faharasa zikabaki kwangu.

"Sasa ukikwama utatafutaje?" nilimuuliza, nikimsindikiza hadi kwenye bajaji.

"Nitakupigia."

Na anapiga. Ananipigia akiwa sokoni, kelele za wauzaji nyuma yake, hata salamu hatumalizi. Anacheza na mwenzake wa meza ya jirani, anayeuza viatu, siku ambazo soko limepoa. Juzi aliuliza kama tembo yumo. Nilitafuta nikamjibu yumo, sura ya tisa, lakini sura ya tisa iko kwake. Nikamsikia anafungua kurasa, analamba kidole.

"Nimemwona," alisema. "Wifi, huyu akiogopa anageuka anakanyaga watu wake mwenyewe!"

"Lazima au anaweza?"

"Ngoja," akasema, "nisome vizuri."